Mpinzani akitaja aina yetu halafu nikadabo, patna aelewe nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niko Ipagala hapa Dodoma, kila Jumapili jioni tunacheza briji watu wanne, wawili kati yetu tulijifunzia kwenye simu. Juzi mpinzani wa kushoto kwangu alifungua 1 kopa, patna wangu akaingia na 1 shupaza, mpinzani wa kulia akataja 2 shupaza, yaani aina yetu wenyewe! Mi nilikuwa na kingi ya shupaza na nne yake, pointi 6 jumla, nikadabo. Kushoto akaruka 4 kopa, wote tukapasi. Patna akaanzisha ree ya uru, akarudia uru, wakapata triki zao 10. Tumebishana mpaka chai ikapoa, yeye anasema dabo yangu ilimaanisha nina uru na pau, mi nasema nilikuwa namwitia shupaza. Nani kakosea, na dabo ya namna hii maana yake nini hasa? Karata za wote wanne nimekuandikia hapo chini."

Marahaba mdogo wangu, poleni na vumbi la huko. Kwa msomaji mgeni: briji ni karata za wawili kwa wawili, mnaanza na mnada wa kutaja mtachukua triki (mizunguko ya karata nne) ngapi juu ya sita na aina gani iwe turufu, yaani ya kukata nyingine, tamko la mwisho ndo mkataba, na dabo ni kusema mkataba wa mpinzani uhesabiwe kwa kuongezwa. Nianze na jibu lenyewe maana najua ndo mnaligombania. Dabo yako ilikuwa sahihi kabisa kwa namna watu wengi wanavyocheza, na patna wako angeanzisha shupaza mngewaangusha kwa mbili, ntakuonyesha karata kwa karata. Ila patna wako simlaumu hata kidogo, kwa sababu sheria za briji hazisemi dabo inamaanisha nini zaidi ya kuongeza adhabu na zawadi kwenye hesabu, mengine yote ni makubaliano ya watu wawili wanaokaa wakitazamana, na nyie mlikuwa hamjakubaliana chochote. We ulituma barua kwa lugha moja, yeye akaisoma kwa nyingine.

Kwanza tuelewane ile 2 shupaza ya mpinzani ni mnyama gani. Ukienda mnadani Msalato Jumamosi, mtu akitaja bei ya ng'ombe maana yake anamtaka yule ng'ombe na hela anayo mfukoni. Kwenye mnada wa briji mara nyingi ni hivohivo, anayetaja 2 shupaza anataka kucheza shupaza ziwe turufu. Ila kuna bei nyingine ni ya kuongelea tu. Patna wako kashasema shupaza ni zenu, halafu mpinzani naye anataja shupaza, hawezi kuzitaka, ye anamwambia mwenzie "kopa zako nazipenda na nguvu ninayo, kama pointi 10 au zaidi, tuone kama tunafika gemu, ule mkataba wenye zawadi kubwa". Hiyo ndo tunaiita kyubidi. Kuna kyubidi za aina nyingi na ntazigusa, lakini zote zinafanana kwa jambo hili moja kwamba aliyetaja hana mpango wa kubaki pale.

Sasa jiulize, mtu ambaye hana mpango wa kubaki pale ukimdabo unamtishia nini? Hamna. Mwenzie atataja kopa na dabo yako inafutika kama haikuwepo. Kwaiyo dabo ya adhabu pale haina kazi, na ndo maana wachezaji wakaigeuza iwe ujumbe kwa patna. Na ni ujumbe wa bei nafuu sana, kwa sababu dabo haipandishi mnada, ngazi inabaki ileile ya 2 shupaza, hujaahidi kuchukua triki hata moja zaidi. Ukitaka kumwambia patna kitu kuhusu shupaza kwa njia nyingine ingebidi utaje 3 shupaza, na hapo ushajifunga kwa triki 9.

Ujumbe wenyewe kwenye mkao wenu ni huu: "Patna, kwenye aina yako nina karata kubwa, anzisha bila kuogopa." Karata kubwa maana yake ree, kingi au kwini. Wengine wanaikataa kwini ikiwa na karata moja tu pembeni, mi naikubali ikiwa na mbili pembeni. Hilo nalo mkubaliane.

Tuzitazame karata zenu sasa, maana uliniandikia vizuri. Patna wako alikuwa na shupaza ree, jeki, 9, 7, 5, kopa 6 na 3, uru ree, 10, 4, na pau jeki, 8, 2. We ulikuwa na shupaza kingi na 4, kopa 9, 8, 5, uru kwini, jeki, 8, 6, 3, na pau 9, 7, 4. Aliyefungua kopa alikuwa na shupaza kwini, 6, 3, kopa ree, kingi, jeki, 10, 4, uru kingi na 5, pau 6, 5, 3. Na yule aliyetaja kyubidi, ambaye karata zake ndo zililala mezani kama dami, alikuwa na shupaza 10, 8, 2, kopa kwini, 7, 2, uru 9, 7, 2, na pau ree, kingi, kwini, 10.

Kaa kwenye kiti cha patna kidogo. Ana ree na jeki ya shupaza mkononi, zile mbili za katikati hajui ziko wapi. Mtu yeyote anayelinda dhidi ya mkataba wa turufu anaogopa kutoa ree pale, maana kama kingi iko kwa aliyefungua basi umemtengenezea triki kwa mkono wako mwenyewe, na kuanzisha ndogo chini ya ree ndo kubaya zaidi. Kwaiyo bila taarifa angekwepa shupaza na angekuwa na haki. Dabo yako kazi yake ilikuwa kuondoa hofu hiyo tu! Akishajua kingi iko kwako anatoa ree ya shupaza, we unaweka 4, anafuata na ndogo unakula na kingi. Sasa shupaza zimekuishia. Unatoa kwini ya uru, mpinzani akifunika na kingi patna anaila kwa ree, anakurudishia shupaza ya tatu, unaikata kwa turufu ndogo, na ile kwini ya shupaza aliyokuwa anaitegemea inakufia mikononi mwako. Halafu unatoa jeki ya uru, nayo inakula ile 5 yake. Triki 5 zenu, 8 zao, wameanguka mbili.

Patna alipoanzisha ree ya uru na kurudia, kingi ya uru ikawa hai, wakavuta turufu mara tatu zikakuishia, wakacheza pau nne, na kwenye ile pau ya nne shupaza moja ikatupwa. Zikabaki shupaza mbili tu za kupoteza. Kama hamkuwa hatarini kwenye hesabu (hali ambayo zawadi na adhabu zinakuwa kubwa zaidi), nyie wala wao, 4 kopa iliyotimia ni 420 kwao, na ikianguka mbili bila dabo ni 100 kwenu. Tofauti ya pointi 520 kwa karata moja ya kuanzia.

Hoja ya patna kwamba dabo ilikuwa ya kuonyesha uru na pau, siyo hoja ya kijinga. Dabo ya kumwomba mwenzio ataje aina yake ipo, ni ya kawaida mno, na mtu aliyejifunza kwenye simu ndo ya kwanza anafundishwa. Lakini ile inatumika mpinzani akitaja aina anayoitaka kweli na patna bado hajasema chochote. Hapa patna kashaongea, kashasema shupaza, wapinzani wana kopa na wana nguvu, kuanza kutafuta uru kwenye ngazi ya 3 na pointi 6 ni kutafuta balaa. Na kama kweli ungekuwa na uru ndefu nzuri unayotaka kuisema, mdomo ulikuwa wazi, ungetaja 3 uru.

Kuna kitu cha pili hapa ambacho watu wengi wanakipuuza, na kwangu mi ndo nusu ya thamani ya makubaliano yote haya. Ukishakubaliana kwamba dabo ni karata kubwa, basi kupandisha moja kwa moja mpaka 3 shupaza kunapata maana yake yenyewe: "ninazo shupaza za kukuunga mkono, ila kubwa sina." Chukulia ungekuwa na shupaza 8, 6, 4, 2 na jeki jeki za hapa na pale. Unataja 3 shupaza, unawabana nafasi, na patna mwenye ree na jeki anajua asiguse shupaza kwenye kuanzisha. Na usipodabo wala usipopandisha, ukapasi tu, anajua huna cha maana huko. Majibu matatu kwa zamu moja, na yote yanamsaidia kwenye ile karata ya kwanza ambayo anaitoa kabla dami haijalala mezani, yaani anaitoa gizani.

Wazo hili wengine wamelisogeza mbele zaidi. George Rosenkranz, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Meksiko, ambaye maabara aliyokuwa anaiongoza ndiko dawa ya norethindrone ilikotengenezwa mwaka 1951, ile iliyoingia kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, alikuwa pia bingwa wa briji, na dabo yenye jina lake inafanya kazi hiyohiyo hata mpinzani akitaja aina mpya badala ya kyubidi. Nyie msiende huko bado, patna wenu wa Jumapili atachanganyikiwa, lakini mjue ukoo wake.

Sasa swali ambalo ningependa kila mtu ajiulize kabla mkono haujagusa kadi ya dabo: nani ataanzisha? Karata ya kwanza inatoka kwa mtu aliye kushoto kwa mwenye mkataba. Kwenu mwenye mkataba wa kopa alikuwa kushoto kwako, kwaiyo aliyeanzisha ni patna, na dabo yako ikawa na mtu wa kuisikia. Ingekuwa kinyume, mwenye kopa akawa kulia kwako, wa kuanzisha ungekuwa we mwenyewe, na hapo unamwambia nani alete shupaza? Unajiambia mwenyewe. Umewapa wapinzani habari bure. Nimeona watu wazima, wanaocheza miaka, wanadabo kwa kuwa tu wana karata nzuri kwenye aina iliyotajwa, bila kuhesabu viti.

Kyubidi nyingine kubwa ndo ile ya kwenda slamu, yaani mkataba wa triki 12 au zote 13, na hapa dabo ina utamu wa pekee. Wapinzani wamekubaliana shupaza ndo turufu, kushoto 1 shupaza, kulia 3 shupaza zenye nguvu, kushoto 4 pau, kulia 4 uru. Zile za mwisho mbili hawataki kucheza pau wala uru, wanaambiana "huku nina ree au uwezo wa kukata mapema". We una uru kingi, kwini, 10 na ndogo. Dabo! Mwenye mkataba atakuwa kushoto kwako, patna ndo ataanzisha, na bila dabo yako angekaa anatazama kopa jeki, 9, 7, 2 na uru 8, 5, 2 akisema kopa ndo zinaonekana na nyama. Slamu ya 6 inaruhusu kupoteza triki moja tu. Patna akianzisha uru, ree ya dami inatoka siku ya kwanza, halafu kama ree ya turufu iko kwenu, mkiila tu, kingi yako ya uru iko tayari mezani na wameanguka. Akianzisha kopa, mwenye mkataba anapata nafasi ya kutupa uru zake kwenye pau za dami, na kingi yako inageuka pambo.

Na usipodabo 4 uru, na kabla yake hukupata nafasi kwenye pau kwa sababu ile pau ilitajwa upande mwingine, patna anapata habari pia. Anajua uru hukuzitaka ulipopewa nafasi ya bure ya kuzitaka. Basi ataegemea kopa. Ukimya wako pale una maana sawa na dabo, ila tu kama patna anaamini kwamba ungekuwa nazo ungedabo. Ndo maana nasisitiza dabo hii isiwe ya kubahatisha leo unaitumia, kesho umeisahau.

Gharama zake zipo, na kitabu cha mwanzo huwa hakizisemi kwa sauti. Ya kwanza, unawapa wapinzani nafasi mbili ambazo hawakuwa nazo. Kabla ya dabo, aliye kushoto alitakiwa ataje kitu. Baada ya dabo anaweza kupasi, anaweza kuridabo (kuidabo dabo yako), na anaweza kurudi kwenye turufu yao, na wachezaji waliopangana wanatumia zote tatu, kwa mfano ridabo ni "nina uwezo wa raundi ya kwanza huko", pasi ni "sina, endelea we", kurudi kwenye turufu ni "nimechoka". Kwaiyo ukidabo na karata za kawaida kawaida umewajengea ngazi ya kupandia.

Ya pili, wanaweza kukaa. Watu hawaamini mpaka wayaone. 4 uru yenye ridabo ikitimia bila hatari kwenye hesabu, ni 320 za triki, 300 za gemu na 100 za kukutukana, jumla 720. Wakipata 12 badala ya 10, kila ya ziada ni 200, wanafika 1120, wakati slamu ya 6 shupaza yenyewe ingewapa 980 tu. Wakiwa hatarini ni 1720 dhidi ya 1430. Ni nadra, maana wawili hao inabidi wawe na uru za kutosha kweli, lakini kama una uru kwini na 6 tu usijipendekeze kudabo.

Ya tatu ndo iliyoniuma mimi. Miaka kadhaa nyuma, meza ya Jumamosi hapahapa mjini, mpinzani wa kulia akataja 4 uru wakielekea slamu, mi nikiwa na uru kwini, 9, 6, 3. Nikadabo, kwa sababu nilikuwa nimekaa jioni nzima sina karata nikaona hapa angalau nina neno. Dami ikalala na uru ree, jeki, 8. Mwenye mkataba alikuwa na kingi, 10, 5. Kwa mpangilio ule kwini inaweza kuwa upande wowote, ilibidi abahatishe nusu kwa nusu na slamu nzima ilikuwa inaning'inia pale. Patna wangu kwa utii akaanzisha 7 ya uru, dami ikaweka 8, mi 9, mwenye mkataba akala kwa 10, na kuanzia hapo ree na kingi zikamaliza kazi. Nilimwondolea kubahatisha mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: natamani uru ianzishwe kuliko aina nyingine yoyote? Kama jibu siyo ndiyo ya haraka, napasi. Kingi na kwini ndo karata za dabo hii, au kingi yenye jeki na 10 ukiwa nyuma ya ree.

Zilizobaki ntazipitia haraka.

Patna wako akifungua 1 kopa na mpinzani akataja 2 kopa hapohapo, hiyo siyo kuunga mkono, kwa wengi ni kyubidi ya Mike Michaels, Mmarekani, inayosema "nina shupaza tano na pau au uru tano". Dabo yako hapo haihusu kuanzisha kabisa, inasema nina pointi 10 au zaidi, kopa za patna sizipendi sana, na nataka kuwadaka wakitua popote. Baada ya hapo dabo yoyote itakayofuata kutoka kwenu ni ya adhabu. Hii nayo muiandike.

Wapinzani wakitaja aina yenu kwenye ngazi ya 3 wakiulizana nani ana kizuizi, yaani karata ya kuwazuia msiile aina hiyo mfululizo, ili wacheze 3 bila turufu, dabo haifai kuikimbilia. Kama patna angeanzisha aina ile hata bila kuambiwa, kaa kimya, maana dabo inawapa tena ile pasi na ridabo za kupimana vizuizi. Dabo pale ambapo patna angesita, kwa mfano aliingia na aina dhaifu na we una kwini ya kumwokoa.

Splinta, ile ya kuruka kuonyesha karata moja au tupu, kuianzisha mara nyingi hakuna faida kwa sababu dami itaikata, kwaiyo wengi wameigeuza, dabo ya splinta inaomba aina nyingine mliyokubaliana au inapendekeza mjitoe sadaka kwenye mkataba wenu. Na dabo ya slamu yenyewe ikishafika mwisho, ile ya 6 shupaza yenyewe, ni mtoto wa baba mwingine. Hiyo inaitwa kwa jina la Theodore Lightner na inamwomba patna aanzishe kitu asichokitegemea, mara nyingi kwa sababu kuna aina huna kabisa unataka kuikata. Msizichanganye.

Jambo la adabu, na hili nalisema kwa uzito. Nyie mnacheza nyumbani kwa mdomo bila kadi za kunadia. Dabo ni neno moja kwa sauti moja. Nimesikia watu wanasema "dabo" kwa upole wakitaka aina fulani na "DABO" kwa ngumi wakitaka adhabu, hiyo ni kumwibia mpinzani, na patna akiitumia sauti yako kuchagua karata naye kaiba. Vilevile ile ya kuuliza "samahani hii 4 uru maana yake nini?" halafu unapasi, na patna akaanzisha uru. Swali lako limekuwa dabo ya kichinichini. Kama unataka kuuliza na huna mpango wa kudabo, subiri mnada uishe. Mkicheza BBO, ile briji ya mtandaoni, kwenye simu ni rahisi zaidi, pale unaeleza tamko lako mwenyewe kwa wapinzani bila patna kuona, na dabo yenye makubaliano maalumu kama hii yenu inabidi ielezwe. Wapinzani wana haki ya kujua mnachojua nyie.

Kwa Jumapili ijayo mkae dakika kumi kabla ya kugawa, we na patna, mkubaliane mambo haya: patna akiwa kashaingia na aina na mpinzani akaitaja ileile kuunga mkono, dabo ni ree, kingi au kwini, kupandisha ni bila kubwa. Kyubidi ya slamu, dabo ni "anzisha hii" na ni pale tu ambapo patna ndo ataanzisha. Michaels, dabo ni nguvu. Majina ya aina yatumieni haya yetu, shupaza, kopa, uru, pau, yalitufikia kwa Wareno na yanatutosha, nimeona wanafunzi wanapoteza nusu ya akili wakitafsiri kichwani badala ya kuhesabu karata.

Na zile karata zenu usizitupe. Zipangeni upya mezani kama nilivyoziandika, mpe patna wako kiti cha yule aliyefungua kopa, kaeni wengine kwenye ulinzi, muanzishie ree ya shupaza, na aone kwini yake inavyokatwa.